Wasomaji Wanauliza: Kumpiga Picha Chura Mvua Ikikatika

*Mimi ni mwalimu, Njoro. Mvua ikinyesha jioni nasikia vyura kila upande, lakini nikitoka na tochi wote wananyamaza. Narudi na matope tu. Nakosea wapi?*

Mwalimu, unaanza kukosea kabla ya kuwasha tochi. Chura huhisi mtikisiko wa ardhi, na mguu mzito ukipigwa mita kumi kutoka dimbwini unatosha kulinyamazisha dimbwi zima. Tembea polepole, ukifika karibu zima taa na usimame. Dakika tano, pengine kumi. Dume mmoja ataanza tena, wengine wamfuate, kwa kuwa kunyamaza wakati jirani analia ni kumwachia majike. Wakishakolea ndipo unasogea, na unasogea wakilia tu. Wakinyamaza, ganda.

Kumpata mmoja kati ya wengi, nendeni wawili. Simameni mita nne au tano mbali, mchague mlio mmoja, kila mtu anyooshe mkono anakousikia. Mikono inapokutana ndipo alipo, mara nyingi karibu kuliko mlivyodhani, kichwa tu kikiwa nje ya maji au mwili umefichwa na shina la nyasi. Ukiwa peke yako, weka viganja nyuma ya masikio, sikiliza, kisha hamia pembeni hatua kadhaa na usikilize tena. Tochi ivae kichwani, karibu na macho: mng'ao wa macho ya chura hurudi kule taa ilikotoka, kwa hiyo mwenye kushika tochi kiunoni hauoni. Vinukta vidogo vyenye rangi ya kijani-buluu kwenye nyasi huwa ni buibui.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa nne usiku, hasa usiku wa mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi. Lakini mji wa Nakuru, jirani yenu, uko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mawe ikiacha baridi kali vyura hutulia. Subiri usiku unaofuata ukiwa na joto kidogo na upepo umelala.

Usilihangaikie Ziwa Nakuru lenyewe, maji yake ni ya magadi. Tafuta mitaro, mashimo ya kuchimbia mawe yaliyojaa maji, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe na kingo za mito. Dimbwi la muda lina faida kubwa kwa chura: halina samaki wa kumla kiluwiluwi. Mbugani, wageni wa mchana hutakiwa wawe wametoka jioni, basi usipange kazi ya usiku humo bila kibali.

*Napiga picha kwa simu karibu na mashamba ya mpunga, Ahero. Chura anatoka kama amemwagiwa unga, au picha nzima ina ukungu. Je, ninunue kamera?*

Hapana, bado. Unga unaouona ni fleshi ya simu. Ngozi ya chura imelowa, na ngozi iliyolowa ni kioo: taa ndogo iliyo kando ya lenzi humpiga usoni na kurudi moja kwa moja. Izime. Mwombe mwenzako ashike tochi ya simu ya pili upande mmoja, juu kidogo ya chura, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na aifunike kwa tishu tabaka moja au kipande cha mfuko mweupe wa plastiki. Kadiri kile cheupe kinachowaka kinavyokuwa kikubwa na karibu na chura, ndivyo madoa meupe yanavyolainika. Karatasi ya A4 iliyoshikwa mbele ya tochi hufanya kazi kuliko vifaa vingi vya dukani. Isiguse tu tochi yenye kupata moto.

Kisha gusa jicho la chura kwenye kioo na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge, halafu telezesha kialama cha jua kushuka kidogo ili mwanga usizidi. Usimkaribie kupita kiasi. Lenzi kuu ya simu nyingi haiwezi kuona vizuri chini ya sentimita kumi hivi, ndiyo maana picha hulegea. Rudi nyuma, tumia kukuza mara mbili. Zima pia hali ya usiku, kwa sababu hukusanya mwanga kwa muda mrefu, na koo la chura halikai tuli hata nusu sekunde.

Na lala chini. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama humwonyesha mgongo tu, kama bonge la udongo. Tandika gunia, lenzi iwe usawa wa jicho lake.

Mwenye kamera na lenzi ya milimita 90 hadi 105 aanzie hapa: tundu la lenzi f/11, kasi 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 400, fleshi kwenye moja ya nane ya nguvu yake ikiwa na kitambaa cheupe mbele. Ukipandisha kasi kupita ile ambayo fleshi yako inaweza kufuata, utapata ukanda mweusi upande mmoja wa picha.

Ukungu ni jambo jingine. Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kukutana na hewa yenye unyevu ya nyanda za Kano, huko kwenu Ahero, kioo hutoa jasho. Iache ndani ya mfuko uliofungwa, nje, kwa nusu saa ipate joto. Kufutafuta ni kupaka matope.

Vaa gambuti, maji ya mpunga na ya ziwa yana kichocho. Na ukihamia Dunga, kando ya Ziwa Victoria, usikae ukingoni usiku: kiboko hutoka majini kula nyasi saa hizo hizo.

*Nimeona kwenye runinga vyura wa jangwani Marekani wanaotoka ardhini radi ikipiga. Tunao kwetu?*

Wale wa jangwa la Sonora wenye jembe jeusi kwenye mguu wa nyuma hatuna. Hao hulala chini miezi mingi, na viluwiluwi wao wanaweza kumaliza safari ya kuwa vyura chini ya wiki mbili, kabla dimbwi halijakauka. Lakini tabia hiyo tunayo. Panda kaskazini kutoka Nakuru hadi nyanda kavu kama za Marigat, siku mbili za kwanza za mvua kubwa, ukatafute vyura wa mchanga wanaojichimbia kwa visigino, na yule mwenye pua ngumu anayechimba kwa kichwa. Chura mkubwa wa nyanda kavu, yule Waingereza humwita bullfrog, hujifunika ngozi zake kuukuu ardhini asikauke. Akikufungulia mdomo, amini kwamba anauma. Tembea ukimulika njia: nyoka aitwaye kifutu naye hutoka kuwafuata.

*Mama wa Kakamega: wanangu wamemshika chura wa mabaka. Watapata chunjua?*

La, mama, chunjua huletwa na virusi vya binadamu. Ila tezi mbili zilizovimba nyuma ya macho yake zina maziwa yenye sumu, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au mdomo. Mbwa akimng'ata na kutoa povu, msuuze mdomo kwa maji yanayotiririka na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

*Nipige picha gani ili mtaalamu amtambue chura wangu? (Kisumu)*

Nne: ubavuni, ionekane tezi na duara la sikio, mgongoni kutoka juu, pua na paji, na paja kwa ndani. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, nayo ndiyo huamua. Chura wetu wa kawaida mwenye mkoromo mzito ana wekundu pajani, na mabaka meusi ya puani huacha msalaba mweupe katikati. Mwenzake wa nyanda kavu ana paja jekundu pia, ila pua yake haina mabaka hayo. Mwingine anayefanana nao hana wekundu kabisa.

Huna haja ya kumkunjua mguu. Rekodi video akitembea, kisha chagua fremu moja. Ikibidi kumshika, mikono iwe imelowa maji tu, bila losheni wala dawa ya mbu, sekunde chache, na waliopandana msiwaguse. Ukitoka dimbwi moja kwenda jingine, sugua matope kwenye gambuti, lowesha nyayo kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu moja kwa maji tisa, dakika tano, suuza mbali na maji, kausha. Kuna kuvu anayeua vyura, naye husafiri na viatu.