Usikipige Nyundo, Usikisugue: Kipande Kilichotoka Shimoni

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, sauti kaishusha kama yuko msibani. "Shem, njoo na ile sumaku yako. Na usimwambie mtu." Vijana waliokuwa wanamchimbia shimo la choo kwenye kiwanja alichonunua karibu na Njia Panda ya Himo walikuwa wamefika usawa wa kiuno, sururu ikagonga kitu kizito. Nilipofika nilikuta dalali mmoja ameshanitangulia, na maneno "mali ya Mjerumani", yaani hazina inayodaiwa kufukiwa enzi za Wajerumani, yameshasemwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi. Kwa miaka mingi watu wananiletea vyuma vilivyotoka ardhini: misumari ya reli, majembe ya babu, mapande yasiyo na jina. Karibu wote wanaanza na swali moja, "Kina bei gani?" Mimi nakuomba uanze na lingine: je, hiki kinaweza kuniua?

Sisemi hivyo kukutisha. Huku kwetu palipiganwa vita. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipambana Longido. Machi 1916 mapigano yalikuwa kwenye vilima vya Latema na Reata upande wa Taveta, Waingereza wakaingia Moshi, na tarehe 21 mwezi huohuo wakapigana tena Kahe. Makombora ya vita ile hayakulipuka yote. Ukikuta kitu chenye umbo la chupa au la muhindi mnene, kimechongoka upande mmoja, pengine kina mkanda wa shaba kiunoni, toka shimoni taratibu. Usikivute, usikigonge, usikimwagie maji "kukipoza". Weka alama, ondoa watoto, piga 112. Ganda la nje linaoza, lakini baruti ya ndani haigeuki udongo kwa sababu miaka 100 imepita, na nyingine kadiri inavyozeeka ndivyo inavyozidi kuwa nyepesi kulipuka. Nimewahi kuletewa kitu cha namna hiyo karakana, kimefungwa kwenye kanga, mgongoni mwa bodaboda. Sitaki kuiona tena siku kama ile.

Cha shemeji hakikuwa na umbo lolote. Kilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi, kijivu, lina mikunjo kama ugali ulioganda sufuriani.

Kabla hata sijalishika niliwaomba wale vijana wanionyeshe shimo. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunalibeba bonge mbio hadi ndani na kufunga mlango, na shimo tunaliacha lifukiwe, wakati nusu ya jibu imebaki humo. Piga picha kitu kikiwa bado mahali pake. Angalia kina chake, rangi ya udongo uliokizunguka, na vitu kilivyolala navyo: mkaa, vigae, mifupa, glasi. Udongo wa shimo lile ulikuwa mweusi wenye majivu, tofauti na ule mwekundu wa pembeni, na ulikuwa na vipande vya plastiki ngumu nyeusi. Niliviona. Siku ile sikuvitilia maanani, na hilo bado linaniuma.

Wakati mwingine shimo linakuambia jambo kubwa kuliko kipande chenyewe. Watu wengi hunijia na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, wakidhani ni kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani: meusi, yamejaa vitundu kama maandazi, sehemu nyingine yanang'aa kama glasi. Kimondo cha chuma, kama kile cha Mbozi kinachokadiriwa kuwa na tani 16, hakina vitundu ndani. Ni chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli. Lakini mavi ya chuma si takataka. Kule Ugweno, Upareni, Washana walikuwa wakiyeyusha chuma karne nyingi kabla ya reli, na Wachaga walikinunua kwao kwa ajili ya mikuki na majembe. Ukiyakuta mengi pamoja na mirija ya udongo iliyovunjika, ile ya kupitishia upepo wa mivukuto, umesimama juu ya tanuri la mababu. Acha kuchimba, toa taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusika hapo, na hata isingekuwepo, sioni raha ya kuvunja kitu kama hicho kwa ajili ya choo.

Sasa vipimo. Sumaku yangu niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikinasa, mara nyingi una chuma cha aina fulani. Isiponasa, usikimbilie kusema dhahabu. Shaba, risasi (namaanisha metali yenyewe, si ya bunduki), alminiamu, zinki, zote hazinasi. Kutu nayo inasema: nyekundu ni chuma, kijani ni shaba ya aina fulani, ukungu mweupe au kijivu ni risasi, zinki au alminiamu. Kama una hakika kabisa si kitu cha vita, gusisha kona kwenye grenda. Chuma cha kawaida kinatoa cheche ndefu za njano, chuma cha kumiminwa kama mguu wa cherehani kinatoa fupi nyekundu, shaba haitoi kitu.

Bonge halikunasa. Nikalikwaruza kwa kisu pembeni, likakatika kama sabuni ngumu, na mkwaruzo ukang'aa kama fedha. Dalali akasema, "Si unaona?" Nikamwambia twende dukani kwa Mangi.

Kipimo hiki ndicho ningependa kila mtu akijue, kwa sababu hakihitaji fundi. Mangi alituazima mzani wake wa dijitali. Kwanza tulipima bonge likiwa kavu, limeshatolewa udongo kwa maji tu: gramu 2,270. Kisha tukaweka ndoo ndogo yenye maji juu ya mzani na kuurudisha kwenye sifuri. Nikalifunga bonge kwa uzi na kulishusha ndani ya maji hadi likazama lote, bila kugusa chini wala ubavuni, mkono wangu ukilishikilia. Mzani ukacheza, ukatulia kwenye 200. Hizo gramu 200 ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ukubwa wa bonge lenyewe. Gawanya 2,270 kwa 200: unapata 11.35.

Namba hiyo haimjui dalali wala mwenye mali. Alminiamu ni 2.7, zinki 7.1, chuma karibu 7.9, shaba ya njano 8.5 hivi, shaba nyekundu, ile wenye skrepa huiita kopa, karibu 9. Fedha ni 10.5, risasi 11.3, dhahabu safi 19.3. Kama kuna tundu au kipovu cha hewa ndani, namba itashuka, kwa hiyo rudia mara mbili tatu.

Ilikuwa risasi. Dalali aliondoka bila kuaga. Na mimi, nikiwa pale dukani, ndipo zile plastiki nyeusi zilipoingia akilini: magamba ya betri za gari. Kabla ya shemeji kununua, kuna mtu alikuwa akivunja betri pale na kuyeyusha mabamba yake, na udongo ule mweusi ulikuwa mabaki ya kazi hiyo. Kuku wa shemeji walikuwa wanapekua juu yake. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa amekaa pembeni ya shimo anachezea kifusi.

Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa hiyo tafadhali, ukijua una risasi mkononi, usiiyeyushe jikoni kutengeneza vizito vya kuzamisha nyavu. Nawa kwa sabuni. Na ukikuta mtungi au kopo zito la risasi lenye kifuniko, au chochote chenye alama ya mbawa tatu, usifungue kabisa. Makopo ya namna hiyo hutumika kuhifadhi vyanzo vya mionzi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, waokota skrepa walifungua kifaa cha hospitali na watu wanne wakafa. Tume ya Nguvu za Atomiki ina ofisi Arusha, Njiro. Wapigie.

Kuhusu kusugua, nina kidonda changu mwenyewe. Miaka ya nyuma, nikilima migomba ya mama kule Old Moshi, niliokota kisahani cha kijani, kipana kuliko kifuniko cha soda. Nilikiloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikakipiga brashi ya waya hadi kikawaka. Zilibaki alama za taji na nusu ya neno HELLER. Ilikuwa sarafu ya Mjerumani ya heller 5, ya shaba, za mwaka 1908 na 1909, jamii ya fedha iliyotuachia neno "hela". Mwaka wenyewe niliufuta kwa mkono wangu. Maji safi na mswaki laini vingetosha. Na kama mtu atakuambia rupia ya kweli inavuta mchele, ujue rupia, sarafu nyingine ya enzi hiyo, ni ya madini ya fedha, na madini hayo hayavuti kitu.

Shemeji alihamishia choo upande wa pili. Lile shimo tulilifukia, tukamwaga moramu safi juu yake, kuku wakafungiwa, mtoto akapelekwa kwa daktari, na ofisa mazingira wa halmashauri akaja kuchukua udongo kwenye mfuko. Wale vijana wawili waliochimba niliwafuata hadi kwao kuwaambia wafue zile nguo peke yake, zisichanganywe na za watoto.