Apdeti ikiharibu kompyuta, usikimbilie kupiga Windows upya

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kujisimamia kompyuta zenu nyumbani, na hasa wewe ambae ukoo mzima umeshaanza kukuita kwa sababu eti unajua mambo ya kompyuta. Kuna siku apdeti itaingia vibaya kwenye mashine ya mtu, utaitwa wewe, na cha kwanza kitakachokujia kichwani ni kufomati. Usifomati.

Mi nilifomati. Ilikuwa laptopu ya dada yangu, ilipiga apdeti usiku, asubuhi ikawaka skrini nyeusi tupu na kamshale ka mausi tu, nikahangaika nayo kama nusu saa alafu nikachomeka flashi nikapiga mfumo upya, ikawaka vizuri kabisa na mi nikaona nimemaliza kazi. Dada akauliza picha za mtoto ziko wapi. Zilikuwa kwenye ile ile diski niliyoifuta, picha zote tangu mtoto anazaliwa, na nakala hakuna popote. Hakunigombeza, alikaa tu anaiangalia desktopu mpya. Baadae sana ndo nikaja kuelewa kwamba skrini nyeusi yenye mshale mara nyingi maana yake mfumo umeshawaka ila kilichokwama ni draiva ya skrini (programu ndogo inayoendesha skrini) au ile programu inayochora desktopu, na kuitoa apdeti ya usiku ule pengine ingechukua dakika kumi.

Kwaiyo kwanza jua ni shida ya aina gani. Kuna apdeti inayogoma kuingia, kuna inayoingia ikaharibu kitu kimoja kama printa au sauti au waifai, na kuna inayofanya mashine isiwake kabisa. Watu wanazichanganya, mtu printa imegoma anataka kupiga Windows.

Inayogoma kuingia ndo nyepesi, maana mashine bado inafanya kazi, huna haraka. Angalia nafasi kwenye diski C, diski imejaa mpaka juu unategemea nini. Nafasi ikiwepo, zima huduma ya Windows Update, badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution iliyo ndani ya folda ya Windows, ristati, itajishusha upya. Ikigoma tena fungua komandi (Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri) kama adimini, piga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikiisha piga sfc /scannow, hizo ni amri za kukagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe. Na mjue kuna makosa ambayo hayatokani na mashine yako. Januari 2024 Microsoft walitoa apdeti KB5034441, ikawa inaleta kosa 0x80070643 kwa watu wengi kwa sababu patisheni ya kurikavaa, yani kipande cha diski kilichotengwa kwa ajili ya kurekebisha mfumo, haikuwa na nafasi ya kutosha, ilihitaji MB 250 zilizo wazi, na watu wakaanza kukata patisheni kwa mikono wakati mashine zao zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu. Mtu anaeanza asiguse patisheni kwa ajili ya kosa kama hilo, aliache wenye mfumo walishughulikie.

Ikiharibu kitu kimoja, nenda kwenye mipangilio, Windows Update, fungua historia, chini utaona pa kuondolea apdeti. Angalia tarehe, toa ya mwisho, ristati, jaribu kile kitu. Kikipona andika namba yake inayoanza na KB kwenye daftari, alafu pausi apdeti papo hapo, manake usipopausi kesho itarudi yenyewe utaanza moja. Unaweza kupausi mpaka wiki tano. Kama ni ile apdeti kubwa inayobadilisha toleo zima, unazo siku 10 za kurudi toleo la nyuma, na ndani ya hizo siku usije ukafuta folda ya Windows.old kwa kutafuta nafasi, ndo humo toleo la zamani limelala.

Sasa mashine isiyowaka, hapa ndo watu wanapaniki. Kama imeganda kwenye asilimia, tuseme 30, usibane batani ya pawa. Angalia taa ya diski kama ipo, ikicheza cheza kuna kazi inaendelea ndani, na diski za zamani zinazozunguka unazisikia kabisa zikikwaruza. Chomeka chaja, ondoka. Mi naipa saa tatu, na kwa mashine ya zamani naiacha usiku kucha, maana kuikata katikati ya apdeti ndo unatengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

Ikishindikana kweli, iwashe na uizime kwa nguvu inapoanza kuwaka, mara mbili mpaka tatu, itaingia yenyewe kwenye skrini ya kujirekebisha. Kama inafika kwenye skrini ya kuingia basi huna haja ya hayo, bana Shift alafu ubonyeze kuristati. Ukifika humo nenda kutatua matatizo (Troubleshoot), chaguzi za juu (Advanced options), kuondoa apdeti (Uninstall Updates). Utakuta mbili, ya kawaida ya kila mwezi na ile kubwa ya toleo, anza na ya kawaida. Ikikataa jaribu sefu modi, yani Windows inawaka na vitu vya msingi tu, iko humo humo kwenye Startup Settings, ikiristati bonyeza namba 4.

Na hapo inaweza kukuomba ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski asiyehusika asisome kilichomo, ni tarakimu 48. Wengi hawajui hata kama diski yao imefungwa, laptopu nyingi siku hizi zinakuja zimeshafungwa. Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, utafute leo mashine ikiwa nzima, uandike kwenye karatasi, sio kwenye hiyo hiyo kompyuta. Pia tengeneza flashi ya Windows mapema, GB 8 inatosha. Oktoba 2025 kulitoka apdeti iliyofanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya ile skrini ya kujirekebisha, yani unafika kwenye dawa na huwezi kubonyeza chochote, mpaka rekebisho lilipotoka.

Mafaili yakipotea baada ya apdeti nayo tulia. Februari 2020 apdeti KB4532693 ilikuwa inawaingiza baadhi ya watu kwenye profaili ya muda, desktopu tupu, kumbe vitu vyao vyote vipo ndani ya C:\Users kwenye folda yenye jina lao limeongezwa .bak au .000 mwishoni. Ila apdeti ya Oktoba 2018 kuna watu ilifuta mafaili yao kweli, Microsoft wakaisimamisha ndani ya siku chache. Ndo maana bakapu iwe kwenye diski ya nje, na ukimaliza uichomoe.

Najua wapo mtakaosema bora kuzima apdeti moja kwa moja. Hapana jamani. WannaCry, kirusi kilichokuwa kinafunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilivamia dunia tarehe 12 Mei 2017 na kiraka, yani apdeti ya usalama, cha kuizuia kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka ule ule, mashine nyingi zilizoumia hazikuwa zimewekewa. Mi navofanya, viraka vinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, napausi wiki moja kwenye mashine zote za nyumbani, kama hamna vilio naruhusu. Zile za hiari zinazokuja mwisho wa mwezi sizigusi.

Na kama yote yamegoma na kupiga upya hakuepukiki, toa mafaili kwanza. Kwenye ile ile skrini ya kujirekebisha fungua komandi, andika notepad, ikifunguka nenda kama unafungua faili, chagua ionyeshe mafaili yote, hapo unaona diski nzima na unaweza kukopi folda ya Users kwenda diski ya nje. Herufi za diski humo huwa zinabadilika, C inaweza kuwa D, tafuta taratibu. Ikimaliza kukopi ipeleke hiyo diski kwenye kompyuta ingine, fungua picha tano sita uone zinafunguka, alafu mwite mwenye mashine akae pembeni yako aangalie mwenyewe kama vitu vyake vipo, na akisema vipo ndo ufute.