Unafungwa eFootball? Rudi kwanza PES 6

Msomaji mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, eFootball, ile gemu ya mpira, kwenye simu nafungwa kila siku, nifanyeje?" Ujumbe umenikuta kifua mbele, maana Jumamosi nimetoka kuwachapa vijana wa Mikindani, walewale wanaoniita babu wa PS2, ile PlayStation 2 ya zamani. Waliniita hivyo mbele za watu. Sijasahau.

Jibu langu, mdogo wangu: tafuta PS2 na CD ya PES 6, ile gemu ya mpira ya mwaka 2006 ya kampuni ya Konami, ndugu mkubwa wa eFootball.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu pale Chikongola. Msimu wa korosho kila mtoto alikuwa na hela, kibanda kinafurika, na sheria ni moja: ukifungwa unaachia pedi ya kuchezea. Hapo ndipo tulipojifunza kukaba. Wengi walikimbilia Inter Milan kwa sababu ya mshambuliaji wao Adriano. Unambonyezea mraba, kitufe cha shuti, nje ya boksi, mguu wa kushoto, kipa anaokota nyavuni. Mimi nikawa nashinda nyumbani kwa mjomba na Master League, sehemu ya gemu unayoijenga timu msimu hadi msimu, na kile kikosi cha kuanzia cha wachezaji wa kubuni: Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele. Wazito, pasi zinapotea. Ukishaweza kupata bao na Castolo, ukipewa timu yoyote unatamba.

Zilizofuata nimezicheza. PES 2008 ilinikera, mbio tupu. PES 2011 niliipenda: ilileta kipimo cha nguvu kwenye pasi, ukikosea ni mkono wako. PES 2014 ikaja na injini mpya, nzuri machoni, lakini mchezaji anageuka kama lori la korosho. Halafu 2021 Konami wakalifuta jina lenyewe la PES, wakatoa eFootball ya bure, na dunia nzima ikacheka zile sura za wachezaji. Wameirekebisha sana tangu hapo, nakubali. Ila kwenye simu anayenunua sarafu za gemu ana nafasi kubwa ya kupata kadi za wachezaji magwiji, na wewe wa bando la kuunga utafanya nini? Utakaba.

Kwa hiyo kaba. Kwenye pedi ya PS2, usimng'ang'anie mwenye mpira kwa X muda wote. Mwite mwenzako kwa mraba, wewe ziba njia ya pasi. Achia R1, kitufe cha mbio, kabla ya kugeuka. Tulia. Pembetatu, ya pasi ya kupenyeza, usiibonyeze mpaka mshambuliaji wako aanze kukimbia. Tulia tena, vijana wa siku hizi mnataka bao dakika ya kwanza, hamtaki kupiga pasi za nyuma, hamheshimu mpira. Gemu hizi mpya zimewadekeza, na wazazi wamewanunulia simu.

Ukiipata hiyo PS2, kagua pedi kabla hujatoa hela, hasa R1, ndiyo inayokufa mapema. Na Inter usiiguse. Mtu wa Adriano mimi sichezi naye.