Maswali yenu: jarida la Wajerumani, makato ya kanisa na walei wanaobatiza

Toleo lililopita niligusia kidogo Lebendige Seelsorge, jarida la Kijerumani la teolojia ya kichungaji, yaani teolojia inayotafakari namna Kanisa linavyowahudumia watu. Lilianza 1950, na siku hizi linachapishwa na Echter wa Würzburg mara sita kwa mwaka. Barua zilizokuja zimevuka jarida lenyewe, na sishangai. Ukigusa uchungaji wa Ujerumani, utakutana na pesa, uhaba wa mapadre na watu wanaolihama Kanisa.

*Mwalimu, teolojia ya kichungaji ni teolojia kweli? Hapa seminarini tunaiona kama somo la kupumzikia baada ya dogma.* (Frateri)

Dharau hiyo ni ya zamani, na somo lenyewe lina sehemu yake ya lawama. Lilizaliwa Vienna mwaka 1774, Abate Franz Stephan Rautenstrauch, Mbenediktini, alipopanga upya masomo ya teolojia chini ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mihadhara ilianza 1777, tena kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Dola ilitaka paroko anayefaa: anayehubiri ikaeleweka, anayefundisha watoto, anayetunza vitabu vya ubatizo na ndoa bila makosa. Ndiyo maana kwa muda mrefu lilifundishwa kama orodha ya maelekezo ya kazi.

Mgeuko mkubwa ulikuja miaka ya 1960, mwanateolojia Mjerumani Karl Rahner na wenzake walipoanza kutoa kitabu chao kikubwa cha teolojia ya kichungaji (1964). Hoja yao ni kwamba anayetenda uchungaji ni Kanisa zima, paroko akiwa mmoja wao, na mazingira ya watu wa leo ni sehemu ya teolojia yenyewe. Kwa hiyo kumuuliza mama aliyeacha kuja misani kwa nini ameacha ni kazi ya kiteolojia, na ni ngumu kuliko mtihani wako wa dogma, Frateri.

Lebendige Seelsorge linalionyesha jambo hili kwa mpangilio wake. Kila toleo lina mada moja. Waandishi wawili wanaitazama kwa macho tofauti, kisha katika toleo hilohilo kila mmoja anamjibu mwenzake. Napenda sana kurasa hizo za majibizano. Magazeti yetu ya Kanisa huwa yanaogopa kuweka mabishano hadharani, kana kwamba waamini watavunjika moyo.

*Nafanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Nilipojiandikisha ofisi ya jiji niliulizwa dini, nikasema Mkatoliki. Sasa kwenye karatasi ya mshahara naona herufi «rk» na pesa zimekatwa. Je, ni zaka? Naweza kukataa?* (Msomaji wa kike)

Hiyo ni kodi ya kanisa, dada yangu, na «rk» ni kifupi cha Mkatoliki wa Roma kwa Kijerumani. Inakusanywa na serikali kwa niaba ya Kanisa, na wengi wanaielewa vibaya: haikatwi asilimia ya mshahara, inakatwa asilimia ya *kodi ya mapato*. Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8, kwingineko 9. Ikiwa kodi yako ya mwaka ni yuro 2,000, kanisa linapata 160 au 180.

Kukataa kunawezekana kwa njia moja tu: kwenda, kwa kawaida, ofisi ya serikali, mahakama ya wilaya au ofisi ya usajili kutegemea jimbo la nchi unakoishi, na kutamka kwamba unajitoa katika Kanisa. Hapo ndipo penye uzito. Kwa tamko la maaskofu wa Ujerumani la 2012, aliyejitoa hapokei sakramenti isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa, wala hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo au kipaimara. Paroko humwandikia barua akimkaribisha kwa mazungumzo. Mimi binafsi naona ni vibaya sakramenti na karatasi ya kodi zikae karibu namna hiyo, na wanateolojia wengi wa huko wamelisema. Lakini usijitoe kwa hasira ya mshahara wa mwezi mmoja. Mwaka 2023 walijitoa Wakatoliki 402,694, na si wote walioondoka kwa sababu ya pesa. Kashfa za unyanyasaji wa watoto zimewafukuza wengi.

*Nimesikia huko walei wanabatiza na kuhubiri. Sisi makatekista tunazika na kuongoza ibada bila padre miaka yote, mbona hatuandikwi?* (Katekista, kigangoni)

Mnaandikwa kidogo mno, nakubali. Kuhusu kubatiza ni kweli: mwaka 2022 Jimbo Katoliki la Essen, Ujerumani, liliwapa ruhusa walei 18, karibu wote wanawake, kwa sababu ya upungufu wa mapadre. Ni watumishi wa jimbo wenye mshahara na mafunzo ya teolojia. Homilia, yaani mahubiri ndani ya Misa, ni habari nyingine: Roma ilikataa Machi 2023 ombi la Wajerumani la kuwaruhusu walei kuitoa. Tofauti yenu kubwa ni mshahara, na hilo lisemwe bila kuona haya.

*Je, jumuiya ndogo ndogo zetu zinajulikana huko?* (Mwenyekiti wa jumuiya)

Sana, ingawa kwa mlango wa kusini. Ile njia ya hatua saba za kushirikishana Injili ilitengenezwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye walikuwa maaskofu. Ikarudi Ujerumani na kuenea. Uamuzi wa maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wa miaka ya 1970 kuifanya jumuiya kuwa msingi wa Kanisa nao unasomwa. Ila naona zilisafiri hatua saba, ujirani ukabaki. Kwenu hatua ya sita huamua nani aende kumwona mgonjwa wa nyumba ya tatu, kwa sababu mnamjua. Katika jengo ambalo watu hawajui majina ya majirani, hatua hiyo inageuka maongezi tu.

*Sijui Kijerumani. Nisome nini?* (Msomaji, Nairobi)

Anza na Concilium. Ni jarida la kimataifa la teolojia, lilianza 1965 na linatoka kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo. Ulizia maktaba ya seminari au chuo cha Kikatoliki kilicho karibu nawe.