Mzazi akija kwa mara ya kwanza, usikimbilie fomu

Mimi nasaidia mashauri ya watoto kwenye kata moja hapa Dar, nafanya na afisa ustawi mwaka wa sita sasa, na mnaoanza hii kazi nawaomba mshike kitu kimoja, kile anachoomba mzazi siku ya kwanza mara nyingi sio shida yenyewe, anapiga hodi tu kuona mtampokeaje.

Kuna mama (nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane) alikuja akaniuliza, dada eti hapa mnagawa pempasi? Hatugawi. Ningejibu hivo angeondoka. Nikamuuliza mtoto ana umri gani, akasema miaka saba. Nikabeba benchi tukakae nje chini ya mwembe manake pale ndani foleni nzima ilikuwa inatusikiliza. Akafungua pindo la khanga akatoa kadi ya kliniki iko ndani ya mfuko wa nailoni, nikaikunjua taratibu, uzito umeandikwa kila mwezi mpaka miezi 9, chanjo ya surua, halafu basi, hamna kitu tena.

Mdomo uliniwasha nimuulize "mbona uliacha?" Nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza hivo mama mwingine, akainuka akaaga vizuri kabisa na sijamuona tena, mtoto wake namuwaza mpaka leo. Nikamwambia tu, mama hii kadi umeitunza kweli. Akaanza kulia afu yote yakatoka, mtoto ana mtindio wa ubongo, hakai, hasemi, mama mkwe anasema ni mkosi, na yeye akienda kuuza mihogo inabidi amfungie ndani.

Sasa hapo usiahidi usichonacho. Nilimwambia pempasi sina na hela sina, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalum, matibabu na elimu, kwa hio hajaja kuomba fadhila. Muombe ruhusa kabla hujaandika chochote, na mwambie mapema kwamba siri yake utaitunza lakini ukiona mtoto yuko hatarini itabidi useme. Namba ya simu nayo usiandike tu, uliza hii simu anashika nani, ya huyu mama ilikuwa ya mume, tukakubaliana nipige kwa jirani. Mpe na 116, ile namba ya simu ya msaada kwa watoto, haikati salio, manake shida haingoji ofisi ifunguliwe.

Na barua ya rufaa usimpe mtu akaenda kuhangaika nayo. Piga kwanza hospitali, jua kitengo cha mazoezi tiba kinapokea siku gani na atamuulizia nani, ndo uandike.

Nilimuahidi kwenda kwake Alhamisi saa nne na saa nne nilikuwa mlangoni. Mtoto alikuwa sebuleni kwenye mkeka, kavalishwa nguo ya sikukuu, kapakwa mafuta anang'aa, bibi yake kakaa pembeni kimya. Nikaanza kwa bibi, shikamoo, afu nikamsalimia mtoto kwa jina lake. Faili nililifungulia pale pale mkekani.