Jibu: Kupanda treni ya kasi bila yenyewe kusimama

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini abiria wasipande tramu (treni ndogo ya mjini) inayokimbia sambamba na treni ya kilomita 300 kwa saa, kisha wavukie kwenye treni hiyo zote zikiwa mwendoni. Mbunifu Mwingereza Paul Priestman alilitoa wazo hilo 2011.

Cheki kwanza urefu wa reli. Mimi nilipopiga hesabu nilikwama hapo. Tramu ikiongeza kasi kwa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, inakula karibu kilomita 7 kuifikia treni. Dakika 5 za kuvuka na mabegi na watoto ni kilomita 25 nyingine, bado breki. Karibu kilomita 40 za reli ya pili, kituo kimoja tu!

Kushuka ndiko kulikowezekana: hadi 1960 Waingereza walikuwa wakiachia behewa la nyuma treni ikiwa mwendoni, na mlinzi wake ndani akilifunga breki.