Kununua kiwanja pembeni ya Mbalizi
Mdogo wangu umeuliza ununue eneo kule pembeni ya Mbalizi, mji mdogo karibu na Mbeya, au ubaki kupanga mjini, mi nasema nunua ila usikimbilie bei. Nenda mwezi wa pili au wa tatu mvua zimekolea uone kama bajaji inafika au inaishia lami, maana kiangazi kila dalali barabara yake nzuri. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji ihusike, usiridhike na karatasi ya muuzaji na shahidi mmoja, mi nililizwa hivo hadi leo nagombana na jirani, miparachichi yake imo kwangu. Halafu baridi ya mwezi wa saba si mchezo, piga dari kabla hujahamia, plasta itasubiri.